Funga Valvu ya Juu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na wifi yako kikohozi kimemwachia. Wewe na mavitabu yako mnaendeleaje?

Tangi la hospitali limesimama. Tani arobaini za mchanga, hita sita katikati: umeme wa jua uupashe mchanga mchana, wagonjwa wapate maji ya moto usiku. Nimeona gazetini mmeliita "tangi la watafiti". Mtafiti gani alichomelea hata kiungo kimoja? Haya, tuyaache. Mchanga ulinyeshewa njiani, na umeshaingia tangini. Tufanyeje? Mganga mkuu anataka tuwashe Ijumaa ya wiki ijayo.

Kaka yako

7 Machi

Kaka, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima, ila vipimo vya maabara vimenibana, kwa hiyo naandika mbiombio. Maji yaliyomo mchangani yatageuka mvuke, lita moja itoe lita elfu moja na mia saba. Funga valvu ya juu kabla ya kuwasha. Lazima. Mengine nitakueleza.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili mzima, roho imechafuka. Mistari mitano, na katikati amri, kama unamtuma kibarua. Basi imetimizwa. Valvu ilikuwa juu tangu mwezi uliopita, iko wazi. Nimeizungusha mpaka ikagoma. Wifi yako kaniuliza, "Na huo mvuke utapitia wapi?" Nikamwambia amuulize msomi, mimi mtu wa nyundo. Ijumaa tunawasha.

Kaka yako

13 Machi

Kaka,

Nisamehe, leo sina salamu. Usiwashe. Nilidhani valvu bado iko kwenye boksi. "Funga" yangu ni ile ya kufunga feni darini: iweke mahali pake. Sikusema uizibe. Ifungue yote, ibaki wazi. Tangi lililozibwa ni bomu.

Huko simu haishiki, nimempa barua hii dereva wa lori la saruji, kaapa atafika kesho asubuhi. Kama umenikasirikia, kasirika ukiwa mbali na hilo tangi. Tafadhali.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nilizikosa, zangu nakupa. Mwandiko ni wa wifi yako, maneno ni yangu.

Lori lilikwama matopeni, barua ikafika Jumamosi. Sisi tuliwasha Ijumaa asubuhi, na saa nane mchana geji ikapita mstari mwekundu. Nikawatoa watu wote nje, nikapanda kuifungua valvu. Mvuke ukanipitia mikononi. Tangi zima, hospitali nzima, hakuna mwingine aliyeguswa.

Usije ukaandika kwenye ripoti yako kwamba fundi hakuelewa. Nilielewa neno kama lilivyoandikwa. Wagonjwa bado wanangoja maji ya moto, na mchanga bado una unyevu. Lakini hakuna nati itakayoguswa mpaka uje usimame hapa mbele ya tangi, unielekeze kwa mdomo na kwa kidole.

Kaka yako

Wifi, hapa chini ni mimi mwenyewe. Daktari anasema mkono wa kushoto utapona. Wa kulia hajautaja, na kaka yako hajamuuliza. Njoo.

Wifi yako