Mteremko wa Mto Nyuma ya Kwetu

Kaka mpendwa,

Hatujambo, na mama amepona kikohozi. Juma zima nimekuwa nikipima mteremko wa mto, kuanzia darajani hadi nyuma ya nyumba yetu. Baba ndiye aliyenishikia fimbo ya vipimo, maji yakimfika kiunoni, huku akiwafokea bata.

Kule juu mto unashuka mita mbili kila kilomita. Hapa kwetu haushuki hata shubiri, maji hukwama, ndiyo maana mafuriko hutuingilia mpaka sebuleni. Nilipomchorea mteremko huo, Baba alisema, "Basi tutahama. Kaka yako alisema kweli, nami nikamfukuza. Ila usimwambie nimekiri."

Kwa hiyo sijakuambia. Njoo tu utusaidie kubeba kabati. Baba ameshakuwekea upande mzito.

Mdogo wako, mpima mito