Kisu Kisichobakisha Kitu

Mjukuu wangu Akinyi,

Salamu kutoka Kondele. Mama yako Atieno ni mzima. Mbuzi alikula shati langu la kanisa, sasa Mungu ananiona na fulana.

Unauliza ununue kisu gani cha umeme kwa hoteli yako ya samaki. Umemuuliza bingwa! Kisumu nzima hakuna aliyenishinda kupasua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Haya, ni uwongo. Hata marehemu nyanya yako alinishinda.

Miaka ya themanini, kwenye kiwanda cha samaki tulipasua kwa mkono. Minofu ilienda Ulaya. Mifupa, ile tunaita mgongo wazi, ilienda getini, ambako nyanya yako na wenzake waliinunua wakaange na kuuza. Nyama kidogo tuliiacha mfupani makusudi. Kisha vikaletwa visu vya umeme. Nyanya yako akainua mgongo mmoja juani.

"Baba Atieno, huyu samaki mmemnyoa?"

Wenzake walicheka. Yeye alirudi nyumbani na karai tupu, na jiko lake la kukaangia halikuwaka tena.

Nunua chepesi, chenye meno madogo. Lakini mkono wako ukisahau nyama kidogo mfupani, usiugombeze.

Halafu, Krismasi ulikula kichwa cha samaki kilichokuwa changu. Ukija, nilipe mgongo mmoja, na usiunyoe.

Babu yako