Matanga ya Larisa

Igogo, Mwanza
14 Machi 1993

Mpendwa mdogo wangu Josephat,

Pokea salamu za nyumbani. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua na hataki kuambiwa apumzike. Shemeji yako Antoni ni mzima, bado yuko kiwanda cha samaki, anarudi jioni paka wa mtaa mzima wakimsindikiza. Biashara yangu ya mitumba inakwenda. Wewe je? Baridi ya Kiev imepungua? Unakula vizuri?

Sasa Vera. Tangu utuachie huyu mtoto ukapanda treni yako, nyumba hii haijapumzika. Uji wa ulezi anautema na kunitazama kana kwamba nimemtukana. Nikimbeba mgongoni analia, nikimlaza analia. Paskazia wa nyumba ya pili kila siku analeta mgeni mpya kumtazama "mzungu wa Modesta". Nimemwambia nitaanza kutoza kiingilio.

Msiba wa mama yake tumeuweka kama inavyostahili. Kaburi hatuna, mwili hatuna, lakini Mama alisema mwanamke aliyetuzalia mtoto hawezi kuondoka kimyakimya kama hana watu. Tulikaa matanga, majirani wakaja, padre akamsomea misa. Siku ya kuanua, Mama alishika wembe akatunyoa wote: mimi, Antoni, yeye mwenyewe, na mwisho Vera. Alilia sana zile nywele zake laini zilipodondoka. Mimi pia nililia, ingawa Larisa sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

Antoni ameanza kwenda ustawi wa jamii ili tumwasili mtoto kisheria. Unajua tumeishi miaka mingapi bila mtoto, na maneno niliyoyasikia kwa mawifi. Naona aibu kukuandikia hili, lakini nina furaha, na furaha yenyewe imetokana na kifo cha mtu. Mungu anisamehe.

Ulisema ulikuwa Moscow kutafuta riziki na hukuishi nao sana. Hata hivyo, kama unakumbuka chochote, marehemu alikuwa akimlazaje?

Dada yako,
Modesta


Kiev
2 Mei 1993

Dada Modesta,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia, na shemeji Antoni salamu nyingi. Mimi ni mzima. Tangu masomo yaishe na msaada wa serikali ukome, naishi kwa kuuza jaketi sokoni, kwa hiyo ujue hata huku tuko kwenye mitumba.

Kuhusu Vera. Akitaka kulala usimbebe mgongoni. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, umshike ncha ya sikio, umsugue taratibu huku ukiimba kwa sauti ya chini. Usimtazame machoni, akitazamwa anadhani ni mchezo. Uji uache upoe kabisa, kisha uchanganye na maziwa mgando na sukari kidogo. Asali usimpe, mwezi wa kumi ilimvimbisha midomo.

Habari ya kunyoa nimeisoma. Ni mila, sina neno, ila ningependa mngeniuliza kwanza. Ukimpiga picha, tafadhali subiri nywele ziote vizuri. Ya sasa usitume.

Ahsante kwa yote, dada. Sijui nitawalipaje.

Mdogo wako,
Josephat


Igogo, Mwanza
20 Juni 1993

Mdogo wangu Josephat,

Hujambo? Hapa wote wazima, na Vera kuliko wote. Siku niliyomshika sikio alilala kabla sijamaliza wimbo. Uji sasa anamaliza na kudai mwingine. Amesimama mwenyewe akishikilia kiti cha Mama, na Mama anamwita mke mwenzake.

Lakini wewe, Josephat, nakujua. Umeishi na Mama miaka yote ile, na ukiulizwa kama chai yake ni ya sukari au haina, utakuna kichwa. Leo unajua mtoto analala kwa ubavu gani, na asali ilimfanya nini mwezi wa kumi, wakati mwezi wa kumi ulikuwa Moscow. Nani amekwambia?

Na ile picha. Wewe unajua tumemnyoa, maana nimekuandikia. Ni nani mwingine huko atakayeiona, asiyetakiwa kujua kwamba mtoto amenyolewa kwa msiba?

Nijibu kama mtu mzima.

Dada yako,
Modesta


Kiev
11 Septemba 1993

Shikamoo dada,

Nimechelewa kwa sababu kila barua niliyoianza niliichana. Natumaini barua hii inawakuta wazima.

Larisa hajafa.

Wazazi wake walimfukuza nyumbani kwa ajili ya rangi ya mtoto. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa. Walikuwa wanalala kwa rafiki, jikoni, na baridi ile unaijua kwa barua tu. Mimi ndiye niliyemwambia, dada yangu hana mtoto, atamlea Vera mwaka mmoja, mpaka utulie. Alikataa sana. Mwishowe alikubali, akanifundisha kila kitu njia nzima mpaka uwanja wa ndege, nami kwa aibu sikusikia hata nusu. Ulipouliza, nilikwenda kumuuliza tena.

Utasema kwa nini niliwaambia amekufa. Dada, wewe unamjua Mama. Sikumtolea Larisa hata ng'ombe mmoja. Mama angesema mtoto asiyetolewa mahari ni wa ukoo wa mama yake, na mama mwenyewe yupo, mrudishe ulikomtoa. Angeniambia hivyo pale pale mlangoni, na treni ingenirudisha na mtoto. Nilikuwa nimechoka. Neno lilinitoka, na mlipoanza kulia sikuweza kulirudisha. Sikujua mtafika mpaka kwenye wembe.

Sasa Larisa amepata kazi kwenye duka la mikate na chumba kidogo. Anaweka akiba ya tiketi. Anaomba picha kila wiki. Hajui kwamba alishaombolezwa. Mwambie Mama wewe, mimi sina mdomo.

Mdogo wako mkosefu,
Josephat


Kiev
8 Januari 1994

Shikamoo dada,

Heri ya mwaka mpya. Je, barua yangu ya mwezi wa tisa ilifika? Vera ni mzima? Larisa anaanza kuniuliza kama nimemuuza mtoto. Andika hata mistari miwili.

Josephat


Igogo, Mwanza
22 Mei 1994

Mdogo wangu Josephat,

Salamu. Hatujaumwa, hatujahama. Barua zako zote mbili zilifika, na wala posta haikuchelewesha. Ni mimi.

Ile ya kwanza niliisoma dukani kwangu, nikaifutika kwenye furushi la makoti, nikarudi nyumbani nikawaambia unasalimia. Mama alisema, "Maskini, bado anamlilia mke wake." Nikatenga chakula.

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha ikafika Novemba, mwezi wa kuombea marehemu, na Mama akataka jina la Larisa lisomwe kanisani. Alinituma mimi nikaliandikishe, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Ningeweza kwenda na kurudi bila kuliandikisha, asingejua. Nililiandikisha. Padre akalisoma, na mimi nikajibu pamoja na watu wote kwamba Bwana ampe raha ya milele. Josephat, nilijibu kwa sauti. Nilikuwa namwombea mtu aliye hai kaburi, kwa sababu akiwa kaburini mtoto ni wangu. Tangu siku ile sijapokea komunyo, na Antoni anadhani nimegombana na padre.

Wewe ulimuua kwa neno moja ukiwa umechoka. Mimi nilimuua kwa miezi, nimelala vizuri, nimeshiba. Usifikiri nakuandikia nikiwa juu yako.

Mwezi uliopita mahakama ilitupangia siku ya Vera. Kwenye karatasi imeandikwa mama amefariki, na tulitakiwa kuapa mbele ya hakimu. Nikajilaza nikasema tumbo. Antoni alirudi peke yake, akaketi kitandani, akasema, "Modesta, mwanamke aliyemtamani mtoto miaka yote hii haumwi tumbo siku hiyo. Kuna nini?" Nikamtolea barua.

Tulimwambia Mama pamoja. Nilitegemea kelele. Aliuliza tu kama tuna hakika, kisha akajipapasa kichwa, pale alipojinyoa. Akasema, "Kwa hiyo tumechukua mtoto wa watu, ng'ombe hatujatoa, na mama yake tumemlilia angali anatembea." Siku mbili hakula chakula changu. Siku ya tatu aliniita. Anasema Larisa aje mwenyewe, asitume mtu, wala wewe usije na kisingizio. Mtu aliyekaliwa matanga lazima aonekane katika nyumba iliyomlilia, ale na watu wale wale, ndipo abebe mtoto wake. Antoni atauza baiskeli kuongezea tiketi. Mimi nitauza makoti.

Msomee Larisa barua hii yote, usiruke kitu. Msomee na hapo pa Novemba. Picha nimeiweka humu, nywele zimeota. Mwambie kwamba Vera anasema maneno mengi sasa, ila ni ya Kiswahili na Kisukuma cha bibi yake, na kwa hilo naomba radhi pia.

Mwambie nimeanza kumwandaa mtoto. Jana nilimkalisha mapajani nikamwambia, "Vera, mama anakuja." Alishuka, akakimbia mpaka mlangoni, akachungulia nje huku na huku. Kisha akarudi, akanishika magoti akicheka, akaniambia, "Mama yuko hapa."

Nikamwitikia.

Dada yako,
Modesta