Vyuma vya Barazani

Mama Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Vile vyuma vyangu vya kuchomelea usivirudishe kwenye pikapu. Asubuhi ulinuna kwamba nimegeuza baraza karakana, ukaingia ndani kabla sijakueleza. Gari likiwa zito linakunywa mafuta. Matairi nimeyajaza upepo, naendesha polepole. Jana ulinicheka kwamba hata baiskeli zinatupita. Ziache zipite.

Mafuta ninayobana ni ya kutufikisha kwa binti yetu. Tangu aolewe hatujaliona hata jiko lake.

~~Kigoda alichokuwa akikalia utotoni nilipokuwa naenda naye kazini nimekishusha pia.~~

Nimekirudisha garini. Kama kigoda nacho kinakula mafuta, acha kiyale.

Baba Watoto