Picha ya Moyo wa Didier

Tata,

Mvua zimeanza huku Dilala, na paa la jikoni linavuja palepale uliposema utapatengeneza. Mama yuko mzima, ila anakula kidogo. Siku nyingine bado anakupakulia bukari, ule ugali wako, kisha anakumbuka, anaurudisha kwenye sufuria.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao, mdogo wangu Didier. Sina mtu mwingine wa kumwambia.

Unajua ulivyotutoka. Mazoezi ya kwaya, mchana, pale kanisani Manika. Uliimba besi yako, ukasema kifua kinakukaza kidogo, ukaketi. Wenzako walidhani umechoka. Wimbo ulipoisha, wewe hukuwepo tena. Wewe uliyetengeneza treni za mgodi maisha yako yote na hukuwahi kulala hospitali. Nilipokuwa mdogo, baruti za mgodi wa Musonoi zikitikisa vyombo kabatini, ulikuwa unanilaza kifuani pako na kusema, "Sikia hii motere. Hii haizimake." Nami nilisinzia nikiisikiliza hiyo injini ya moyo wako. Nilikuamini, Tata.

Didier alishakuwa dereva wa malori makubwa ya mgodi. Ulimwacha akiwa bado anajifunza. Walipokuwa wanawapima wafanyakazi mwaka huu, daktari alimuuliza baba yake alikufa na nini. Akajibu, moyo, ghafla, akiwa bado na nguvu zake. Basi wakamtuma Lubumbashi apigwe picha ya mishipa ya moyo kwa skana. Mke wake Odette alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo nikamsindikiza mimi. Tulikwenda kama watu wanaokwenda kutembea tu. Hakuwa na maumivu popote.

Walimlaza kwenye mashine, wakamwambia abane pumzi, wakamchoma dawa inayopasha mwili moto. Alipotoka aliniambia, akicheka, kwamba alidhani amejikojolea. Nami nikacheka. Kisha daktari, mama mmoja mpole, akatuita ofisini kwake, akageuza skrini upande wetu.

Moyo wa mdogo wangu ulikuwa pale, wa kijivu, mishipa imeuzunguka kama mizizi. Daktari akatuonyesha alama nyeupe: mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa mpaka yakawa magumu kama chokaa. Lakini hizo, alisema, sizo zinazomtia wasiwasi zaidi. Kando ya alama hizo kulikuwa na kivuli cheusi kidogo, ambacho peke yangu nisingekiona kamwe. Hayo ni mafuta ambayo bado ni laini. Mshipa haujaziba, damu inapita, ndiyo maana Didier hasikii kitu. Ila mafuta ya namna hiyo yanaweza kupasuka siku moja, damu ikaganda hapo, na njia ikafungwa mara moja.

Didier aliuliza kwa sauti ndogo, "Docteur, njo kusema nitakufa sawa vile baba alikufa?"

Daktari hakumdanganya. Alisema picha inaonyesha hatari, haionyeshi siku. Wapo wenye alama kama hizo wanaozeeka nazo. Akamwandikia kinini, vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote, akamwambia aache sigara. Nikamuuliza kama hawawezi kuyatoa tu yale mafuta yaishe. Akasema hapana, hayakwanguliwi kama kutu. Yanatulizwa, kisha mtu anaishi.

Laiti wewe ungepigwa picha hiyo, Tata. Ningependa kusema tungekuokoa. Sijui. Nimeiona ya Didier kwa macho yangu mwenyewe, na bado sijui nimfanyie nini.

Kazini wamemtoa kwenye lori. Wamemweka bohari, anatoa vipuri, mpaka atakapopimwa tena. Siku moja nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, mtoto mapajani, hamtazami. "Mbele ya kupigwa ile foto, mi nilikuwa muntu muzima," aliniambia. Kinini anameza wiki hii, wiki inayofuata anaacha, kwa sababu hazimwondolei chochote anachokisikia. Odette anambembeleza. Mama analia. Mimi nimesema mpaka maneno yameniishia. Sigara anavutia mbali nasi, tunaisikia kwenye shati. Mtu mzima utamshika mdomo namna gani?

Halafu ikaja misa ya kukuombea. Wanakwaya walimwomba Didier aimbe mahali pako, naye akakubali. Ana sauti yako, Tata. Watu waligeuka kumtazama. Katikati ya wimbo akainama ghafla, akapotea nyuma ya wenzake. Mama akasimama. Mimi nilikuwa tayari katikati ya viti, sijui niliondokaje mahali pangu. Kwaya ikanyamaza, mmoja mmoja.

Akainuka, akatuona wote tunamtazama.

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Baada ya misa nilimkuta nyuma ya kanisa akilia kama siku tuliyokuzika. Aliniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, moyo haujaniuma hata siku moja. Macho yenu njo inaniuma."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Nikimtazama, namuumiza. Nisipomtazama, naogopa. Na daktari alisema watoto wako wote tupimwe, nami nitakwenda, ingawa sijui nitarudi nyumbani nikiwa mtu gani.

Tata, siwezi kukuahidi kwamba nitamlinda. Ningekuwa na uwezo huo, wewe ungekuwa hapa. Nakuahidi hiki tu: Jumatatu anakwenda kupimwa damu Manika, nami nitafuatana naye. Tutakwenda kwa miguu, polepole, na njia nzima nitamwacha anisimulie mambo ya mpira, hata kama siyaelewi. Moyo wake sitautaja.

Ukae kwa amani huko uliko, Tata yangu.

Binti yako,
Nadine