Amplifaya Yenye Majina Yako Matatu

Mpendwa shemeji,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuvusha. U hali gani? Kifua chako kinaendeleaje, bado kinakusumbua penye vumbi? Dada yangu Naomi na watoto ni wazima? Sisi hapa Nakuru tuko. Mama Mercy anakusalimia sana, na Mercy ameng'oka meno ya mbele, akiimba anapiga mluzi bila kutaka.

Tangu upande lile lori la polisi lililowarudisha watu kwao mwezi wa kwanza sijaisikia sauti yako. Nikimpigia Naomi asubuhi, uko shambani. Nikipiga jioni, uko shambani. Shemeji, hilo shamba ni kubwa kiasi gani? Ndiyo maana naandika. Na naandika wazi, kwa sababu nakala moja nitaibandika kwenye ubao wa matangazo pale kanisani, wale vijana nao waisome. Jina la kijana yeyote sitataja. Anayehusika anajijua.

Unaikumbuka siku ile ya mwaka jana tulipoingia duka la yule mzee mwenye kilemba? Mimi nilikuwa nimeshapenda ile amplifaya kubwa ya wati arobaini, nimeshaikumbatia kama mbuzi wa mahari. Mzee akaniuliza, "Hii unaenda kupigia wapi? Kama ni uwanja wa Afraha, beba." Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Shem, sebule yako ni futi kumi kwa kumi," ukaniambia. "Hii kitu ukitaka itoe sauti nzuri lazima uifungulie, na ukiifungulia Mama Mercy atahama. Ukiipunguza, ni kama mtu anaongea na blanketi mdomoni."

Ukachukua ile ndogo ya wati kumi. Ulikuwa umebeba gitaa lako mwenyewe, hukutaka la dukani. Kabla ya kupiga hata waya mmoja uliinama ukaweka sikio kwenye spika, ukatulia kama daktari. "Nasikiza kama inavuma. Ikivuma hapa, kwa kompyuta itavuma mara mbili." Haikuvuma. Ukanionyesha tundu la hedifoni, nifanye mazoezi Mercy akiwa amelala, na tundu lingine nyuma la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kompyuta. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa naitikia tu kama nimeelewa.

Wiki hiyohiyo tukarekodi wimbo wetu wa kuingilia ibada. Na mimi kwa furaha nikachukua rangi nyeupe nikaandika jina lako ubavuni mwa amplifaya, maana wewe ndiye uliyeichagua. Ulisema, "Andika Elisha tu, inatosha." Nikakujibu kwamba jina nusu ni la mwizi. Nikaandika yote matatu, herufi kubwa, nikatia na mstari chini. Shemeji, Mkenya akishasoma jina la tatu, ameshajua kwenu ni wapi. Sikufikiria. Nani alikuwa anafikiria hayo mwaka jana?

Halafu, baada ya kura, ikaja ile Jumamosi. Naomi na watoto walikuwa wamebaki kwenu tangu Krismasi, wewe ulikuwa umerudi peke yako upige gitaa mwaka mpya. Saa nane mchana moshi ulikuwa umefunika jua. Fundi wa viatu wa pale getini, aliyekuwa akishona viatu vya Mercy bila haraka na bila maneno, alikuwa amelala mtaroni, shingo imekatwa, na mguu mmoja hauna kiatu. Nilimwona kwa macho yangu. Nikakusukuma juu ya silingi, kule darini, nikarudisha ubao, nikapanguza alama za miguu yako kwenye kiti. Mama Mercy akajifungia chumbani na mtoto.

Wakaingia kumi na wawili, wana mapanga na rungu za misumari. Panga moja lilikuwa bado linadondosha damu kwenye zulia. Aliyewaongoza nilimfundisha sauti ya nne mimi mwenyewe, kwaya ya vijana.

"Mwalimu, tumesikia uko na mgeni."

"Sina mgeni."

Akaona amplifaya. Akasoma polepole, jina la kwanza, la pili, la tatu. "Na hii jina ni ya nani?"

"Ni ya mtu aliyetoroka akaniachia takataka yake."

"Basi kama ni takataka, si uivunje tuone," akasema, akanipa shoka. "Na ukivunja, sema hao ni nini."

Nikapiga. Nikalisema lile neno la kuwatukana watu wa kwenu. Silirudii hapa, ulilisikia. Ndipo nikasikia kikohozi chako juu, kidogo, kama panya. Mmoja akainua macho. Nikapiga tena kwa nguvu, nikapaaza lile neno nifunike kikohozi chako. Nikapiga mara ya tatu, spika imeshapasuka, waya zimetoka nje kama matumbo, na mimi bado napiga kelele. Wakacheka, wakanipigapiga begani. "Mwalimu ni wetu." Wakaenda nyumba ya pili. Yaliyotendeka huko tulisikia sote, wewe juu, mimi chini na shoka mkononi.

Uliposhuka jioni hukuniangalia. Ulikunywa maji, ukasema "asante," kama unavyomwambia makanga wa matatu.

Nimekuwa nikijitetea kwa Mungu miezi hii yote kwamba nilikuwa naigiza. Shemeji, la kwanza niliigiza. La pili lilikuwa la kufunika kikohozi. Lakini la tatu nilikuwa nakuchukia. Nilikuwa nawaza, huyu atakohoa tena na mtoto wangu achinjwe, na hasira yangu yote ikawa kwako, si kwao. Lile neno nililitoa moyoni, nikaliona tamu. Nafikiri ulisikia tofauti. Wewe ni mtu wa kusikia kitu kinavuma kabla hakijapigwa.

Hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu, si kwa kubahatisha. Nimetubu kwa Mungu. Kwako ndiyo natubu sasa.

Ile kompyuta ilikuwa kanisani tangu Krismasi, haikuguswa. Wimbo wetu umo. Mwishoni kabisa, gitaa likishanyamaza, unakohoa mara moja, kisha unacheka. Mchungaji aliniambia anajua kijana wa kukikata kikohozi kitoke. Nimekataa.

Ule ubao wa ubavuni mwa amplifaya, wenye majina yako, haukupasuka. Nimeuosha, nimeutundika sebuleni. Anayeingia anasoma, yote matatu.

Juzi nilipita dukani. Yule mzee akaniuliza, "Yule wa kuweka sikio yuko wapi?" Anayo nyingine ya wati kumi, sijui kama inavuma au haivumi. Mimi sijui kusikiliza. Sitainunua mpaka mtu aje aiinamie.

Nijibu upesi, Elisha, hata mstari mmoja, hata ukiwa wa kunikemea. Au siku moja nikipiga simu, usiwe shambani.

Ni mimi shemeji yako,
Baba Mercy