Kitambaa Chako cha Kichwa

Mama,

Leo nimekikata kile kitambaa chako cha kichwa, cha bluu chenye maua meupe. Nakwambia mapema kwa sababu najua ungeuliza.

Tulipotoka kukuzika nyumbani Vihiga, nilirudi hapa Roret na kitabu chako cha nyimbo na hicho kitambaa, basi. Nguo zako zingine watu wa nyumbani waligawana, na sikuwa na nguvu ya kusema niachieni hata leso moja. Shangazi Rasoa alivaa sweta yako ya kijani palepale, ikamkaa vizuri. Nilimchukia, Mama, na yeye alikuwa analia kama mimi.

Kitambaa nilikifungia kwenye mkebe wa bati. Ukifunua, unatoka wewe: moshi wa kuni, mafuta ya nywele, na yale majani mabichi ya chai ambayo hata baada ya kuacha kuchuma hayakukutoka. Nilikuwa nafunua kidogo tu, nikiogopa utaisha.

Lakini kitabu kimechakaa. Jalada lilinibaki mkononi, kurasa zikaanza kuanguka kanisani, watoto wakawa wananiokotea. Wewe ndiye uliyevivika vitabu vya kanisa zima, hapa mezani, kwa mabaki ya nguo kutoka kwa fundi wa cherehani. Kwa kitabu cha aliyefariki ulikuwa unaitisha nguo yake mwenyewe. "Kitabu ya mtu ivae nguo ya mtu," ulikuwa unasema. Wafiwa walikuletea kola ya shati, pindo la rinda, wakalia kwenye kile kiti, na wewe ukawapa chai kabla ya kushika makasi.

Mama Cherono wa hapa jirani aliniletea kipande cha pazia. "Funika na hii tu," akasema. "Kitabu haijui ni nguo ya nani." Labda ni kweli. Nilikata kadibodi, nikapima lile pazia, nikakaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa. Sikuweza.

Kwa hivyo leo nimepika gundi ya unga wa ngano, polepole, ulivyonifundisha. "Hiyo si uji ya watoto, usiharakishe." Nikakata nusu ya kitambaa. Nikapaka kadibodi, nikakilaza juu yake, nikasukuma mapovu kwa kijiko mpaka pembeni, nikakunja kona. Kona moja imekaa vibaya na ungeniambia nirudie. Nikakilaza kitabu chini ya tofali karibu na jiko, maana mvua haijakatika huku na gundi mbichi inaota ukungu haraka.

Kilipokauka nikakinusa. Unga tu, Mama. Unga na kadibodi. Nikakimbilia mkebe, nikanusa nusu iliyobaki, na sijui kama nilichosikia ni wewe au ni hamu yangu tu. Nimelia kuliko siku ya mazishi. Siku ile kulikuwa na watu wa kunishika.

Sasa kiko mbele yangu. Ni kizuri. Kinafanana na vyote ulivyowafanyia wengine, na hakinisaidii kitu.

Lala, Mama. Nitakibeba kila Jumapili, nitasimama wanaposimama, nitakifungua kwenye wimbo wanaouimba. Hilo naahidi. Kuimba siahidi.

Ni mimi,
Edina